Tupeane uzoefu: ulipunguza pombe namna gani?

Papa Mado, Katuba
Ndugu zangu wa Lubumbashi, naanza mimi. Kwa miaka sita nilikunywa bia ya Simba, chupa nne kubwa, kila jioni. Sikuwa na huzuni wala sherehe. Basi lilinishusha mbele ya nganda, yaani baa yetu, viti viko kivulini, na wenzangu wameshakaa. Siku moja mwanangu aliniletea daftari nimsomee, herufi zikanikimbia. Hakusema kitu. Alilichukua daftari lake akaenda kwa jirani. Iliniuma kuliko maneno yote ambayo mama yake alikuwa ameniambia.

Kwanza nilihesabu. Chupa ya sentilita 72 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 28 za pombe yenyewe, na watu wa afya wengi huhesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10. Kumbe nne zangu zilikuwa kama vinywaji 11. Mwili huondoa takriban kimoja kwa saa, kwa hiyo nikimaliza saa mbili usiku, saa moja asubuhi ninapoelekea kazini huenda bado imo damuni.

Kisha nikabadilisha kituo. Nashuka kimoja kabla, napita njia ya soko, nafika nyumbani nakula bukari (ugali) kwanza. Tumbo likishiba, ile kiu ya saa kumi na mbili hupungua sana. Nikitaka kunywa natoka baada ya kula, na pesa ya chupa moja tu mfukoni. Zamu za kununuliana nimezikataa kabisa: mkiwa wanne, kila mtu akinunua mara moja, umeshakunywa nne bila kuamua. Wawili walinuna. Mmoja sasa naye analipa yake tu.

Mama Fifi, mtaa wa Kenya, Lubumbashi
Aksanti papa. Sisi wanawake tunakunywa pia, ila hatusemi. Mimi shida yangu ni kwenye kilio na harusi: chupa inafunguliwa mbele yako, ukikataa unaonekana una kiburi. Nilijifunza kuingia na kuomba munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, mapema, kabla wagawaji hawajafika. Glasi iliyojaa hakuna anayeijaza. Lakini uwe munkoyo wa leo. Ukikaa siku mbili tatu unazidi kuchacha na wenyewe unalevya. Na michopo (nyama choma) yenye chumvi nyingi naila na maji pembeni, maana chumvi ndiyo inayoita chupa ya pili.

Dereva wa Kasumbalesa
Foleni ya malori mpakani ndiyo ilinifundisha kunywa. Unakaa siku nzima hujasogea. Sasa nabeba jiko dogo, majani ya chai na tangawizi. Siku za kuendesha sigusi kabisa, hata moja. Sina zaidi.

Dada mkubwa, Ruashi
Naomba msome hili polepole. Mdogo wangu alikuwa anakunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, tangu asubuhi. Tulimfungia chumbani tukidhani tunamwokoa. Siku ya kwanza alitetemeka na kutoa jasho. Siku ya pili alianguka kifafa. Siku ya tatu alikuwa anaongea na watu ambao sisi hatukuwaona ukutani, ndipo tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa ghafla, unaweza hata kufa. Walimpa dawa za kutuliza na vitamini B1, wakampunguzia dawa hizo siku baada ya siku.

Kwa hiyo mbinu za Papa Mado ni nzuri kwa anayekunywa jioni na asubuhi yuko salama. Kama mikono yako inatetemeka mpaka upate ile ya kwanza, usijaribu peke yako. Nenda kwa daktari, mwambie kiasi cha kweli. Sisi tulikuwa tunaficha kwa aibu, na ile aibu nusura itupeleke makaburini.

Papa Mado, Katuba
Dada, pole sana, na aksanti kwa kuandika. Hilo sikulijua, na kuna mtu pale nganda ambaye nilimshauri aache ghafla kwa siku moja. Nitamtafuta usiku huu huu.

Nami niseme ukweli: mwezi uliopita, siku ya mshahara, nilirudia tatu. Sikuficha, nilimwambia mke wangu, mama Mado, tukakubaliana mshahara ufike kwanza mikononi mwake. Kesho ndiyo siku yenyewe. Nitashuka kituo cha kabla, na saa tatu usiku nitawaandikia hapa ilivyokuwa.