Naomba ushauri: notisi za siku 90 zinatufikia zimechacha

Wakuu, habari za kazi. Niko kitengo cha sheria, halmashauri moja mkoani Dodoma. Anayetaka kuishtaki halmashauri hutoa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali. Huo ndio muda wa kupima madai na hata kuyamaliza nje ya mahakama, hasa ya viwanja na fidia (na huku viwanja ndio habari ya mjini). Sasa notisi ikipokelewa masjala inapanda kwa mkurugenzi, inashuka idara ya ardhi "kwa maoni", kwetu inafika siku zimekwisha na jalada halina hata ramani. Wenzetu mnawabanaje wakuu wa idara? Niombe waraka wa mkurugenzi? Wengi ni wakubwa zangu, sitaki nionekane najifanya bosi.