Mrejesho: paa la zege lililokuwa likivuja Upanga, Dar es Salaam

Wakuu, mwezi wa tatu niliomba ushauri kuhusu ghorofa letu la wenye nyumba kumi na wawili. Maji yalikuwa yakishuka kwangu juu kabisa, na majirani wa chini wakasema gharama ni yangu peke yangu. Asanteni sana, mlinisaidia.

Kwanza, hoja mliyonipa ya sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo ndiyo iliyowalainisha: paa ni mali ya wote. Vikao vitatu, tukakubaliana kuchanga.

Tatizo halikuwa nyufa tulizokuwa tukizipaka rangi kila mwaka. Fundi aliziba matundu ya kutolea maji, akajaza maji juu na kuyaacha siku mbili. Yalipenya kwenye kona, pale zege linapokutana na ukuta mdogo wa pembeni, na chini ya simtanki. Tena paa halikuwa na mteremko, maji yalituama tu.

Tukabomoa plasta ya zamani, tukamwaga mpya yenye mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita, tukaiacha ikauke vizuri, ndipo zikabandikwa kwa moto karatasi za lami za kuzuia maji, zikipandishwa ukutani sentimita ishirini. Msikubali fundi aishie kwenye kona!

Tukajaza maji tena siku mbili. Dari kavu. Mvua za vuli zimeanza wiki iliyopita, na mama yangu amerudi kulala chumbani kwake.