Yule fundi wa picha za majani kaniambia picha ya marehemu mama niifungie KABATINI

Wakuu nimekata simu sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Jina silitaji, mnamjua, yule wa kutwanga mimea, kupaka juisi yake kwenye karatasi na kuianika juani mpaka picha itokee, nusu ya humu mshapiga naye selfi. Nilimpelekea picha ya marehemu mama anitengenezee kwa manjano, hii hii ya jikoni, nikalipa laki na ishirini, nikaitundika sebuleni mkabala na dirisha la magharibi. Wiki sita tu! Mama kabaki kilemba na sikio moja, ukipita haraka unadhani karatasi ya kufungia maandazi. Leo mama wadogo wamekuja kwenye dua wanauliza hii fremu tupu ya nini, ndo nikampigia nikaweka spika nao wasikie. Anajibu, "Dada, sasa si ungeifungia kabatini?" KABATINI. Mama yangu! Mbele ya mama wadogo watatu na spika iko wazi! Eti jua ndo limeichora kwa kuunguza rangi palipo wazi na hakuna dawa ya kulizuia, kwa hiyo likiiona tena linaendelea na kazi yake. Sasa hayo si ungesema kabla hujashika hela yangu? Kabatini naweka mashuka mimi, mama namtundika nimuone. Kabatini!!

Mchuuzi_Pwani: Pole dada ila manjano si unaijua, shati likidondokewa mchuzi unafua unaanika juani doa linapotea lenyewe. Wewe umelipia doa laki na ishirini 😂😂

Fundi Kivuli: Ungechukua ya bluu, sayanotaipu. Ile rangi yake inatokana na chuma, siyo juisi ya mmea. Hata ikipauka unaiweka gizani wiki kadhaa, hewa ikiifikia bluu inarudi. Picha za mwani za Anna Atkins kule Uingereza alianza kuzitoa 1843 na mpaka leo ni za bluu.

Mwanzisha uzi: Gizani wapi? Yaani na wewe unanirudisha KABATINI?

Bluu_Imenitoka: Bluu msinitajie kabisa. Yangu haikuwa na kioo, dada wa kazi kaona vumbi kaisugua na maji ya sabuni ya unga, ikageuka njano ya kutu mbele ya macho yangu. Fundi namuuliza anasema "sabuni ni adui yake". Sasa hivi ndo unasema??

Kitasa: Nyie angalau picha mliziona. Mimi nimeoa mwaka jana mwezi wa nane, mtoto kashaota meno mawili, mpiga picha anasema bado anaediti.

Mama Wawili: Wangu aliniletea, ila bwana harusi kamng'arisha mpaka mama mkwe akauliza huyu nani.

Mwanzisha uzi: Jamani turudi kwa mama yangu

Kitasa: @Mama Wawili ni yule mwenye kofia anayedai hela yote kwanza? Njoo inboksi haraka