Grisi ya shaba, ya kauri au ya beringi: ipi inazuia rimu kuganda kwenye habu?

Mrombo_A: Wakuu, kesho naingia mjini kununua kitu cha kupaka kwenye habu, pale rimu inapokaa, maana rimu zimeanza kuganda. Kuna grisi ya shaba, ya kauri na ile ya beringi. Nibebe ipi?

Njiro77: Gari gani? Rimu za chuma au spoti? Unatembelea lami au matope? Umeficha kila kitu halafu unataka jibu.

Mrombo_A: Toyota Noah, spoti rimu za alumini. Nakaa Ngaramtoni, ndani kidogo, masika ni tope tupu.

FundiPasua: Alumini ya rimu na chuma cha habu vikikutana na maji vinalana, uchafu wake unajaa kwenye duara la katikati, rimu inabanwa. Sugua kwanza kwa brashi ya waya mpaka habu ing'ae. Halafu paka kiduchu kwenye lile duara tu, nati na stadi (bolti zinazoingia nati) usiziguse. Shaba na alumini siziamini pamoja. Kauri.

Kisongo_Safari: Mimi ni shaba miaka mingi sasa na sijaona hilo. Kabla ya hapo nilikuwa sipaki kitu. Nikapata pancha njia ya Ziwa Natron, mbele ya Engaruka. Nati zote nje, tairi halitoki! Wageni kivulini, jua linachoma. Teke, gogo, wapi. Kulala chini ya gari lililo juu ya jeki nikakataa. Nikarudisha nati, nikaziacha zimelegea kidogo, nikashusha jeki, nikasogea mbele nyuma polepole huku nakata usukani. Paa! Likaachia. Lile vumbi la magadi linakula alumini vibaya. Siku hizi nikirudi nafungua magurudumu yote naosha.

MamaJunior_Moshi: Mnahangaika bure. Oili chafu inatosha, pikapu ya mzee pale Kibosho imeishi hivyo.

FundiPasua: Dada, itatiririka kwenye pedi za breki hiyo.

MamaJunior_Moshi: Haijawahi. Waambie kwanza vijana wa pancha waache kukaza kwa mashine ya upepo mpaka nati inalia. Mimi nikiwa peke yangu njiani nafunguaje?

Kisongo_Safari: Hapo kweli. Nati za Noah kaza 103 Nm kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, halafu uzikague tena baada ya kilomita 100 hivi.

Njiro77: Nani ana spana ya toki ya kuazima, Arusha mjini?

Mrombo_A: Kwa hiyo shaba au kauri?

MamaJunior_Moshi: Uza hizo spoti, funga za chuma. Kuna mtu anazo za inchi 15, matundu matano?