Kuiwekea programu ya nakala rudufu kikomo cha kumbukumbu na prosesa kwenye seva pepe

Swali
Wakuu, habari za kazi. Nina seva pepe ya Linux yenye kumbukumbu ya GB 4 na viini viwili vya prosesa, inayobeba tovuti tatu pamoja na hifadhidata ya MariaDB. Kila usiku, programu ya nakala rudufu inapoanza kubana mafaili, tovuti huwa nzito, na mara nyingine hifadhidata huzimwa kabisa. Nikitazama dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, sehemu ya msingi ya mfumo) nakuta "Out of memory: Killed process" (kumbukumbu imekwisha, mchakato umeuawa) na jina la hifadhidata. Je, niiwekee kikomo hifadhidata?

Jibu la kwanza
Ndugu, hapana. Kumbukumbu inapokwisha, kerneli kwa kawaida huua mchakato unaoshikilia kumbukumbu nyingi kuliko yote, hata kama aliyeimaliza ni mwingine, na kwenye seva kama yako mkubwa huyo ni MariaDB. Mbane anayevimba, yaani programu ya nakala rudufu. Tumia systemctl edit (amri ya kuhariri mipangilio ya huduma chini ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux) kwa huduma ya nakala rudufu, na chini ya [Service] uandike MemoryHigh=600M, MemoryMax=800M na CPUWeight=20. Programu ikivuka kiwango cha kwanza (MemoryHigh), kerneli huipunguzia kasi na kuibana hadi iachie kumbukumbu. Ikifika cha pili (MemoryMax) na pasipatikane cha kuachia, huuawa mchakato ulio ndani ya kundi la huduma hiyo peke yake (kerneli huhesabu matumizi ya kila huduma kwa kundi lake), na hifadhidata haiguswi. Kwa prosesa napendelea uzito kuliko CPUQuota, kwa kuwa uzito, ambao kwa kawaida ni 100, hufanya kazi pale tu viini vinapogombaniwa, ilhali CPUQuota=50% huizuia programu kuvuka nusu ya kiini kimoja hata seva ikiwa haina kazi.

Jibu la pili
Hayo ni sahihi, lakini chunguza kwanza nakala zako zinaanzishwa na nani. Zikianzishwa na cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba), zitahesabiwa ndani ya kundi la cron, na mipaka uliyoiandika kwingine haitazigusa kamwe. Hamia kwenye taima ya systemd, au uianzishe programu kwa systemd-run --scope -p MemoryMax=800M.

Jibu la tatu
Naomba pia utazame safu ya st kwenye top (amri inayoonyesha matumizi ya seva) wakati tovuti zinapokuwa nzito. Ikipanda sana, maana yake mashine mama, inayobeba seva pepe yako, inawapa wengine muda wa prosesa ulioutaka wewe, na hakuna kikomo cha ndani kitakachokusaidia. Hilo ni la kumwandikia mtoa huduma.

Muulizaji
Nashukuru sana. Kumbe ilikuwa cron. Nimehamia kwenye taima na kuweka mipaka ile; safu ya st iko sifuri, na katika faili la memory.events la huduma hiyo hesabu ya high (mara kikomo cha MemoryHigh kilipovukwa) inapanda huku oom_kill (michakato iliyouawa) ikibaki 0. Kazi inachukua muda mrefu zaidi, lakini hifadhidata haijazimwa tena.