Duka la dawa muhimu liuze antibiotiki bila cheti cha daktari? Wana Mtwara na Lindi tujadili

Mfamasia, Lindi: Nasema lisiuze. Mtu anaharisha, anaomba vidonge vinne vya rangi mbili, tumbo likitulia anaacha dozi. Bakteria waliosalia wanapeana jeni za usugu kwa plasmidi, vipande vya DNA vya mviringo vinavyohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Na DNA yao iko uchi, haina protini inayoishika, jeni ikiingia tu inafanya kazi.

Fundi sanifu maabara, Mikindani: Hapo kwenye uchi umeteleza, dada. Histoni, protini zinazokunja DNA, kama zetu hawana, lakini wana protini zao za kuishika: HU, IHF, Fis na H-NS. DNA ya E. coli, bakteria wa utumbo, ni jozi za besi milioni 4.6, ukiinyoosha inafika kama milimita 1.5, na seli yenyewe ni mikromita 2, kwa hiyo lazima ikunjwe. IHF inaipinda karibu nyuzi 160. H-NS ina amino asidi 137 tu. Inatafuta DNA yenye herufi A na T nyingi, mara nyingi ile iliyotoka nje, inaizingira, polimerasi, kimeng'enya kinachosoma jeni, haipiti, na jeni inanyamaza.

Mfamasia, Lindi: Kwa hiyo usugu hauenei? Kawaambie wagonjwa.

Fundi sanifu maabara, Mikindani: Nani kasema? Jeni iliyonyamazishwa haijafutwa. Tena kuna plasmidi ya Shigella, bakteria wa kuhara damu, inayobeba jeni ya protini yake yenyewe ya jamii ya H-NS, Sfh, ili isimvuruge bakteria anayeihifadhi.

Mwalimu wa baiolojia, Masasi: Kwa Shigella angalieni joto. Chini ya nyuzi joto 32 hivi, DNA ya virF, jeni inayowasha makali yake, imepinda, H-NS inaibana. Kwenye 37 mpindo unalegea, virF inaamsha jeni za uvamizi. Otesha kwenye agari (chakula cha kuoteshea bakteria) yenye rangi ya Congo red asilimia 0.01: kwa 37, makali yakiwa yamewaka, koloni ni nyekundu, kwa 30 nyeupe. Umeme ukikatika usiku inkubeta ikapoa, msiandike kwamba kimelea hakina makali. Hamishia sahani mpya, 37, usiku kucha. Zikibaki nyeupe, huenda plasmidi inayobeba jeni hizo za makali imepotea, hasa mkiwa mmehamisha mara nyingi.

Mfamasia, Lindi: Dukani hakuna sahani wala inkubeta, mwalimu. Ndiyo maana nataka cheti.

Mkazi, Newala: Na zahanati isiyo na maabara ikiandika cheti, imejuaje?

Fundi sanifu maabara, Mikindani: Kwa kuangalia kinyesi, ndugu yangu. Maji matupu bila damu: ORS, pakiti kwa lita 1, na mtoto wa zaidi ya miezi 6 zinki miligramu 20 kwa siku 10 hadi 14. Damu ndiyo inayoelekeza kwenye antibiotiki.

Mkazi, Newala: Hilo hata muuzaji wa duka anaweza kuuliza. Cheti cha nini basi?

Mfamasia, Lindi: Anaweza, ila haulizi. Anahesabu vidonge vinne.