Naomba ushauri: programu yangu ya Python inasoma "tafuta" kama "futa"

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, nimekwama.

Nina programu ndogo ya Python inayopokea sentensi ya mtumiaji na kukubali maneno manne tu: ongeza, onyesha, tafuta na futa. Nimeyaweka kwenye orodha, kisha nakagua kila moja kwa `if neno in sentensi`. Kumbe herufi za "futa" zimo ndani ya "tafuta"! Mtu akitafuta rekodi, inafutwa. Bahati nzuri zilikuwa data za majaribio.

Nimejaribu kuikata sentensi kuwa neno moja moja kwa `sentensi.lower().split()` na kulinganisha kila neno na `set` (mkusanyiko) ya maneno yanayoruhusiwa. Hapo "tafuta" imepona, ila mtu akiandika "futa," au "onyesha!" neno linakataliwa kwa sababu alama ya uandishi imeng'ang'ania mwishoni.

Maswali yangu ni mawili. Je, nisafishe kila neno kwa `strip(string.punctuation)`, inayoondoa alama mwanzoni na mwishoni mwa neno, au nitumie `re.findall(r"\w+", sentensi)`, inayookota mafungu ya herufi na kuacha alama? Naogopa hiyo ya pili itakata "ng'ombe" vipande viwili. Na nikiongeza amri ya maneno mawili kama "futa zote", nitaikagua vipi kabla "futa" haijaidaka?

Natanguliza shukrani.